Kigoda cha Watu Wawili

Wamesimulia waliotutangulia kwamba katika mtaa wa Waislamu wa Kaifeng, nchini Uchina, aliishi mjane aliyeitwa Bi Sumaiya, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alilea wanawe kwa kuuza tambi za mchuzi. Jirani yake Bi Zulekha, naye muuza tambi, akaeneza kwamba mchuzi ule una mafuta ya nguruwe. Wateja wakakatika. Sufuria ikawa inarudi ndani imejaa, na watoto wakala tambi asubuhi na jioni mpaka wakazichukia.

Ikatokea walima, karamu ya harusi. Katika nchi ile kigoda kina adabu zake. Mgeni huwekewa kigoda kabla ya kuulizwa hali, wazee hupewa viti vya kuegemea, na waliobaki hukaa wawili wawili kwenye vigoda virefu vyembamba, kila mtu na ncha yake. Mmoja akiinuka ghafla, kigoda hubinuka na mwenzake huanguka.

Bi Sumaiya alikuwa ameshaketi. Aliyekuja kukaa ncha ya pili, kwa kukosa nafasi kwingine, ni Bi Zulekha.

"Niangalizieni bakuli langu," Bi Zulekha akawaambia wenziwe kwa sauti, "lisije likaingia mafuta ya jirani."

Wakacheka. Bi Sumaiya akahisi uso unamwaka, akaona heri aende zake. Mwanamke wa meza ya pili akamnong'oneza, "Inuka kimyakimya, shoga. Mwache ale vumbi."

Naye alitamani, tusimsingizie umalaika. Miguu ilikwisha kujikaza. Akapiga audhubillahi moyoni, kisha akasema, "Bi Zulekha, jishike. Nainuka."

Bi Zulekha akaishika meza kwa mikono miwili. "Ungeniacha nianguke."

"Nilitaka. Lakini ukikalia ubao mmoja na mtu, haki yake ni kuambiwa."

Akainuka, akaenda. Hajafika mlangoni, akasikia sauti ya Bi Zulekha nyuma yake: "Enyi watu! Mchuzi wa huyu mama ni halali. Sikuona mafuta yoyote mimi. Nilichoona ni wateja wamejazana mlangoni kwake."

Haikusimuliwa kwamba wawili hao wakawa marafiki. Imesimuliwa kwamba tambi ziliuzwa. Bi Sumaiya alimwambia mwenzake ajishike huku hasira bado imemkaa kooni, na hiyo ndiyo subira, ndugu zangu. Mola atujaalie walau robo yake.