Mwongozo wa Bi Atupele

"Arukapo mjuzi, mgeni hutumbukia." Mmemsikia mwalimu wenu akiisema, nanyi mmekuja kuniuliza imetoka wapi. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Bondeni, mto unapoingia mashamba ya mpunga, palikuwa na kituo cha kupima maji. Mkuu wake aliitwa Bi Atupele Mwakyoma. Yeye ndiye aliyetunga programu ya kompyuta iliyopokea vipimo vya mto kila siku, ikavichambua na kueleza kama mafuriko yanakuja. Akaiandikia na mwongozo wa kurasa mia mbili, akaupenda kama mtu anavyoipenda nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Masika ya mwaka mmoja aliitwa Mbeya kumuuguza mama yake. Kazi akamwachia Subilaga, binti aliyeajiriwa wiki mbili tu nyuma.

"Usiogope," alimwambia, akimkabidhi mwongozo. "Kila kitu kimo humu."

Siku ya tatu mvua kubwa ilinyesha milimani. Subilaga alifuata hatua za mwongozo moja baada ya nyingine, na programu ikajibu: hali ni salama. Hakutoa tahadhari. Alfajiri mto ukaingia mashambani. Watu waliwahi kukimbilia shule iliyo juu ya kilima, wote wakapona, lakini mpunga uliobakiza wiki moja kuvunwa ulilala chini ya tope.

Bi Atupele alirudi amefura kwa hasira. "Kipimo kipya kinasoma kwa mita, programu inataka sentimita! Mto wa mita nne umeuingiza kama sentimita nne. Ilikupasa ubadilishe kwanza. Nimeandika!"

"Wapi, mama?"

"Ukurasa wa mia na kumi na mbili."

"Hatua za kazi ziko ukurasa wa tisa," Subilaga alisema, machozi yakimlenga. "Na hatua ya kwanza inasema, 'Andaa vipimo kama kawaida.' Samahani, mama, kawaida ya nani?"

Bi Atupele alifungua ukurasa wa tisa, akausoma mstari ule. Akavuta kiti. "Anza upya mbele yangu. Sitasema kitu."

Mara saba binti alikwama, na mara saba Bi Atupele aliuma ulimi asimwelekeze. Kila alipokwama binti palikuwa mahali ambapo Bi Atupele mwenyewe alizoea kupita bila kufikiri. Hasira ikamwisha, ikabaki aibu.

Jumamosi alisimama mbele ya wakulima. Angeweza kumtaja binti, hakumtaja. "Kosa ni langu," alisema. "Nilimwandikia mtu anayejua ninachokijua. Asiyejua nikamruka."

Mzee Ambakisye, aliyepoteza ekari tatu, aliinuka. "Kumbe," akasema polepole, "arukapo mjuzi, mgeni hutumbukia."

Maneno yale yalimchoma Bi Atupele. Kwa miezi minne akaufumua mwongozo wote. Kazi ya kila siku aliiweka mwanzoni, kila hatua na onyo lake papo hapo. Nadharia na historia ya vipimo akazipeleka nyuma kabisa. Kila sura ilipokamilika, alimpa karani wa ghala la mpunga, ambaye hakuwahi kuigusa programu ile, akakaa kando kimya kumtazama. Karani akikuna kichwa, Bi Atupele anaandika upya.

Masika yaliyofuata, homa ilimlaza Bi Atupele, na Subilaga alikuwa safarini. Kituoni alibaki Bwana Kyando, mwenye siku nne kazini. Adhuhuri ya Jumanne alitoa tahadhari. Watu wakavuna walichoweza na kuhamisha ng'ombe; maji yalipofika, yalikuta mashamba karibu matupu.

Bi Atupele alimpigia simu kutoka kitandani. "Nani alikuelekeza?"

"Hakuna, mama. Nilisoma tu."

Aliiweka simu kifuani, akacheka hadi homa ikamsahau kidogo.

Ndiyo maana huko bondeni, hata leo, mtu akieleza jambo mbiombio kwa asiyelijua, hukatizwa kwa upole: arukapo mjuzi, mgeni hutumbukia.