Ufunguo wa Kabati la Dawa Kali

Kaeni vizuri, na mwenye simu ailaze kifudifudi, maana nikimaliza nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia. Nawaletea watu watatu waliofanya jambo moja, na zawadi yao ni moja, tena haigawanyiki.

Walikuwa wakifanya kazi katika hospitali moja kule kwenye migomba na mvua. Wa kwanza ni Lugano, mfamasia, aliyejaliwa kichwa cha tarehe. Mtajie siku uliyofunga ndoa, na mwakani atakukumbusha kabla mkeo hajanuna. Wa pili ni Mzee Ambakisye, mchoma taka, aliyejaliwa macho. Akichungulia ndoo anakwambia imetoka wodi gani na kama waliokuwa zamu walikula mihogo au chapati. Wa tatu ni Sista Subilaga, mkuu wa wodi ya upasuaji. Huyu alijaliwa ulimi usioweza uongo. Akijaribu kudanganya, anashikwa na kikohozi mpaka machozi yanamtoka.

Ulimi, nimesema. Mkono wake ulikuwa na habari nyingine, na ndizo zilizotuleta hapa.

Sheria ya dawa kali za maumivu ni hii: mgonjwa akichomwa nusu ya kichupa, nusu inayobaki inamwagwa kwenye sinki. Muuguzi wa pili anashuhudia kwa macho yake, kisha wote wawili wanasaini daftarini. Lakini Subilaga alikuwa na wagonjwa thelathini na wauguzi wanne. Kuacha kidonda wazi ukakimbilie sinki kumtazama mwenzako akimwaga matone, nani ana nafasi hiyo? Basi kila Jumatatu asubuhi alisaini ushahidi wa wiki nzima kwenye kurasa tupu, akamkabidhi Tusekile daftari.

Na Tusekile alikuwa nani? Chuoni walilala chumba kimoja miaka mitatu, wakachangia mpaka kandambili. Mtoto wa kwanza wa Subilaga alipobatizwa, Tusekile ndiye aliyemsimamia. Mama yake Subilaga, Bibi Tupokigwe, alimwita mwanangu.

Mwezi wa nne Bibi Tupokigwe aliteleza shambani akavunjika nyonga, akapasuliwa hapo hapo hospitalini. Siku ya pili, mchana wa kutazama wagonjwa, wodi imejaa ndugu na vyombo vya chakula, bibi akaanza kulia kwa sauti.

"Mama, Tusekile amekuchoma sindano sasa hivi," Subilaga akamwambia.

"Amenichoma maji."

"Mama, hilo si neno la kusema. Unanitia aibu mbele ya wenzangu. Vumilia kidogo."

Bibi akauma ncha ya kanga yake. Hakulia tena mpaka anaruhusiwa kurudi nyumbani, na Subilaga akadhani dawa imefanya kazi.

Sasa, kila mwaka hospitali ile hujipima yenyewe mtandaoni. Ni maswali kuhusu namna inavyolinda dawa kali zisichukuliwe na wafanyakazi wake. Miaka yote Daktari Gwamaka, mganga mfawidhi, alijifungia na chai yake akabofya Ndiyo kuanzia juu hadi chini. Hospitali ikapata mia kwa mia na cheti kikatundikwa ukutani. Mwaka huu waliotengeneza fomu wakawa wajanja. Kila swali likataka kujibiwa na mwenye kazi yake, kwenye simu yake, na majibu yasionekane mpaka wote wamalize.

Lugano aliulizwa: Je, unalinganisha saini za daftari na orodha ya zamu? Hakuwahi kufanya hivyo hata siku moja. Akavuta daftari, akavuta orodha, akakaa navyo mpaka uji wake ukaganda. Akakuta siku kumi na moja ambazo Sista Subilaga alisaini kuona dawa ikimwagwa, na kumbe siku hizo hakuwa zamu. Siku mojawapo walikuwa Kyela wakimzika mjomba wake, na Lugano mwenyewe alipokea sahani ya wali kutoka mkononi mwake. Alimheshimu sana dada huyu. Hata hivyo akaziandika siku zote kumi na moja.

Mzee Ambakisye aliulizwa: Je, umeona taka za dawa mahali zisipostahili? Binti wa mapokezi ndiye aliyemsomea, maana simu ya mzee ni ya tochi, ikabidi watumie ya binti. "Andika nimeona," akasema. "Kwenye ndoo ya chumba wanachobadilishia nguo kina sista. Vichupa vya plastiki vya maji ya sindano. Dawa inachanganywa wodini, mwanangu. Pale kwenye viatu na mikoba wanamchoma nani?" Plastiki yeye huitenga kwa sababu moshi wake unamkera, kwa hiyo alikuwa na mfuko mzima nyuma ya tanuri. "Nimevihifadhi tangu Kwaresima. Hakuna aliyeniuliza."

Subilaga naye aliulizwa: Je, shahidi huiona kwa macho yake dawa ikimwagwa? Akaenda na simu yake kwa Tusekile.

"Bofya Ndiyo, dada," Tusekile akasema huku akikunja shuka. "Nani atakuja kutazama? Hospitali imejibu hivyo miaka yote."

Akabofya Ndiyo. Fomu ikauliza: Una hakika? Akafungua mdomo aseme "Nina hakika," na hapo kikohozi kikamshika, akakohoa mpaka akaegemea kitanda cha mgonjwa. Akaifuta Ndiyo yake, akaweka Hapana, akaandika: Nasaini kurasa tupu kila Jumatatu, na daftari namwachia Tusekile. Alijua leseni yake inaweza kwenda. Alidhani anajichongea mwenyewe tu.

Ijumaa Daktari Gwamaka akafungua majibu. Angesoma la Lugano peke yake, mwizi angekuwa Subilaga. Angesoma la mzee peke yake, angeshuku wauguzi wote wanaotumia chumba kile. Na la Subilaga peke yake lingekuwa uzembe, barua ya onyo, basi. Lakini yalipokaa pamoja, jina lililobaki lilikuwa moja. Wakafungua kabati la nguo la Tusekile, wakakuta vichupa tisa vya morfini ndani ya soksi.

Tusekile hakukana. Alisema ilianza na mgongo wake mwenyewe, akadhani ataacha, akashindwa. Subilaga alikuwa amesimama mlangoni.

"Na mama?" akauliza.

"Siku ya kwanza nilimpa nusu."

"Na ya pili?"

Tusekile akatazama soksi ile. "Maji," akasema. Kisha akaongeza, "Usinitazame hivyo. Mbona ulisaini mwenyewe?"

Nawaambia kweli, wizi haukumuuma Subilaga kama neno lile. Mtu aliyembebea mtoto wake kanisani alimchoma mama yake maji, na saini ya kuthibitisha kwamba kila kitu ni sawa ilikuwa ya Subilaga. Alilia palepale mbele ya daktari, bila kujificha. Jumapili akaenda kwa mama yake, akapiga magoti, akaeleza yote.

"Nilikwambia," Bibi Tupokigwe akajibu.

Leseni ya Subilaga haikuchukuliwa. Likaletwa kabati jipya la chuma, lenye ufunguo mmoja, na daktari akatangaza kwamba aliyefichua wizi ndiye atakayeushika, awe na cheo na meza yake. Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Lugano akasema, "Bila tarehe zangu, mngejuaje kwamba saini ni za uongo? Na niliandika jina la mtu ninayempenda." Wakamkumbusha kwamba daftari na orodha vilikuwa mezani kwake miaka minne.

Mzee Ambakisye akasema, "Wenzangu wameleta maneno, mimi nimeleta mfuko. Nitafundishwa hiyo kazi, sijazeeka kichwa." Wakamuuliza kwa nini alikaa na mfuko tangu Kwaresima bila kumwambia mtu.

Subilaga hakuomba kitu. Daktari ndiye aliyemsemea: "Hawa wawili wametaja ya wengine. Huyu ametaja yake." Wakamjibu kwamba mkono uliosaini kurasa tupu ndio uliofungua mlango.

Daktari akaenda nyumbani kwa Bibi Tupokigwe, akaomba yeye aliyeumia aamue. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nyonga imekaa vibaya. Alhamisi mnanipasua tena. Nileteeni sindano, mkiniletea nitajua kama mmeamua vizuri."

Leo ni Alhamisi. Bibi ametoka chumba cha upasuaji, usingizi wa dawa unamwisha, na kanga yake ameishika karibu na mdomo. Ufunguo uko juu ya meza ya daktari, na watatu wale wamesimama mbele yake.

Haya, nanyi mmesikia kama mimi. Anayeumia ni bibi wa watu, na saa nne, saa ya sindano yake, inakaribia. Je, wewe ungempa nani ufunguo?