Ngoma Ndani ya Lambo

Hapo zamani za kale, wanangu, mvua ilikuwa na adabu zake. Ilibisha hodi kwa manyunyu, ikakaribishwa, ndipo ikaingia. Baadaye sijui ilipatwa na nini, ikakosa adabu kabisa. Ikawa haionekani miezi na miezi, halafu inavamia kwa kishindo, whuuu! Inabeba vyungu, inabeba kuku na vifaranga vyake, na kesho ukitoka nje unakuta ardhi kavu kama haijapata kuona tone.

Katika kijiji cha Itundulu aliishi Pimbi mmoja, jina lake Mama Sihaba. Umbo dogo, mkia hana, lakini mdomo alijaliwa. Nyumba yake ilikuwa juu ya mwamba, na katika kishimo cha mwamba huo alikuwa akihifadhi maji kidogo ya kupikia na kunywa.

Kila kiangazi, maji yakikauka Itundulu, wanyama walifunga virago kwenda Mto Mkubwa. Wakubwa walikwenda kwa hatua zao ndefu, wakafika, wakanywa. Wadogo walitambaa juani, wakianguka njiani mmoja mmoja. Kiangazi kilichopita Mama Sihaba aliondoka na watoto wawili akarudi na mmoja. Huyo aliyerudi ndiye Sihaba. Mama yake alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akaapa kwamba mtoto huyu hataiona njia ile tena.

"Utafanyaje sasa?" jirani yake Mhanga alimuuliza. Mhanga alikuwa mchimbaji hodari, ila alikuwa na kipaji cha kuona ubaya wa jambo kabla halijatokea.

"Tutachimba lambo, shemeji. Mvua ikija na fujo zake, ikute shimo kubwa, iingie humo itulie. Kiangazi tunakunywa hapa hapa nyumbani."

"Litavuja."

"Chimba kwanza, shemeji. Utanung'unika ukipumzika."

Basi wadogo wote wakatoka. Mhanga akachimba kwa makucha, Ngiri akafukua kwa pembe zake, panya na nguchiro wakabeba udongo kwenye vikapu, wakainua tuta upande wa chini. Vuli ikaja, whuuu! Lambo likajaa mpaka pomoni. Vigelegele! Nguchiro wakaogelea, Sihaba akanywa mpaka tumbo likawa ngoma.

Siku chache tu baadaye, maji yote yalikuwa yamezama ardhini. Pakabaki tope, na katikati ya tope chura mmoja amekaa, anashangaa.

"Nilisema," alisema Mhanga.

"Sawa, ulisema. Sasa sema na dawa yake!"

"Udongo wa chini umelegea, Mama Sihaba. Ni mfinyanzi mzuri, lakini lazima ulowe kidogo, ukanyagwe, ukandwe kama unga wa maandazi mpaka ushikane. Hapo tone halipiti."

Wakaingia wote kukanyaga. Tipi, tipi, tipi! Panya wakaruka, nguchiro wakaruka, Mama Sihaba akaruka mpaka akapata kizunguzungu. Udongo haukujua hata kama kuna mtu juu yake.

"Hii ni kazi ya miguu mizito," alisema Mhanga, akiketi. "Na masika hayako mbali. Yakija lambo likiwa hivi, kiangazi tutakuwa njiani tena."

Mama Sihaba akamtazama Sihaba, aliyekuwa akimfukuza chura. Moyo ukampasuka. Akajifunga kanga vizuri, akaenda kwa Tembo.

"Shikamoo, Babu Tembo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Sema upesi, naelekea kula."

"Babu, tumechimba lambo, lakini linavuja. Tunakuomba wewe na ukoo wako mje mtusaidie kukanyaga udongo."

"Mimi?" Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga makofi. "Mimi nikanyage tope? Hizo ni kazi za wenye makucha. Mimi nikishikwa na kiu nakwenda Mto Mkubwa. Ni karibu tu pale."

"Kwako ni karibu, Babu."

"Basi kuzeni miguu! Na tena mimi mguu wangu una heshima. Mguu huu ni wa ngoma. Hujapata kuniona nikicheza, eti?"

Akaenda kwa Nyati. Nyati hakucheka, alikoroma tu. "Kazi ya vikapu mimi? Ptuu! Miguu hii inajua ngoma, mama. Muulize yule mzee wenu Tembo nani alimtoa jasho mwaka ule."

Mama Sihaba alirudi nyumbani kichwa chini. Alikuwa na hasira na alikuwa na huzuni. Ghafla akasimama njiani.

"Ngoma!" akasema. "Ehe! Ngoma!"

Lazima mjue, wanangu, kwamba Itundulu walikuwa na desturi yao ya ngoma za mashindano. Manju wawili, yaani viongozi wawili wa ngoma, walicheza kwa wakati mmoja, kila mmoja na watu wake, katika uwanja mmoja. Hakukuwa na jaji. Watazamaji ndio walioamua kwa miguu yao. Aliyependeza, walimkimbilia. Aliyechosha, walimkimbia. Jua likizama, mwenye watu wengi upande wake ndiye mshindi. Na kwa manju, hakuna aibu iliyozidi kuona watazamaji wake wanahamia kwa mwenzake.

Kesho yake Mama Sihaba akarudi kwa Tembo, uso umejaa huruma.

"Babu, nimekuja kukutaka radhi kwa jana. Kumbe nilimsumbua mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Magoti, Babu. Nyati anasema ndiyo maana hutakuja kwenye ngoma. Lakini usijali, yeye amekubali kucheza peke yake, na watu wote watakuwa upande wake."

"NANI?" Ardhi ikatikisika. "Magoti yangu? Ngoma iko wapi?"

"Lamboni kwetu, Babu. Tumechagua pale kwa sababu wachezaji wakiwa chini, watazamaji juu ya kingo wanaona vizuri."

Kisha akaruka, pu, pu, pu, mpaka kwa Nyati. "Mjomba, pole. Tembo anasema umezeeka, unacheza kama mwenye funza miguuni, na kwenye ngoma ya lamboni atakuaibisha."

Nyati hakuuliza hata siku. Alianza kunoa kwato palepale.

Mhanga aliposikia mpango huo akatikisa kichwa. "Umesahau jambo moja. Udongo sasa umekauka. Mkavu ukikanyagwa unakuwa vumbi. Lazima ulowe."

"Tutaumwagia maji. Kila ngoma inamwagiwa maji kutuliza vumbi. Nani atashangaa?"

"Maji gani?"

Mama Sihaba akaelekeza mkono kwenye kishimo cha mwamba wake.

"Hayo ndiyo maji ya Sihaba!" Mhanga alisema kwa sauti ya chini. "Masika yakichelewa je? Mtoto atakunywa nini?"

"Najua, shemeji. Unadhani sijui?" Aliogopa, wanangu, aliogopa kweli. "Lakini nikiyatunza haya, yatamfikisha masika tu. Kiangazi yatamfikisha wapi? Wapi, kama si njia ile?"

Akachota kwa kata, akamwaga kwenye kibuyu. Wengine walipomwona, kila mmoja akaenda kwake akaleta alichokuwa nacho, hata Panya akaleta ganda la konokono limejaa maji. Wakanyunyiza lambo zima.

Siku ya ngoma ikafika. Nungunungu akatikisa miiba yake, cha-cha-cha! Ngiri akapiga gogo, ndu-ndu-ndu! Upande huu akashuka Tembo na ukoo wake, njuga miguuni. Upande ule akashuka Nyati na ukoo wake, shanga shingoni.

"Magoti yangu yanaumwa, siyo?" Tembo akanguruma. "Yatazame!" Ndi! Ndi! Ndi!

"Funza wangu wanakusalimu!" akajibu Nyati. Gudu-gudu-gudu!

Loo! Udongo ulilia. Mfinyanzi uliolowa ukabonyea, ukakandwa, ukanyooka. Watazamaji wakajaa upande wa Tembo, wakishangilia, "Babu! Babu!" Tembo akainua mkonga akazidisha.

Mhanga alikuwa amesimama kandokando, macho chini, hatazami ngoma hata kidogo. Akamnong'oneza Mama Sihaba, "Hapa tayari. Sasa kule ukingoni, kwenye mti wa mwiba."

"Ayayayayaya!" Mama Sihaba akapiga kigelegele. "Jamani, tazameni Mjomba Nyati anavyokata kiuno!" Akakimbia kuelekea kwenye mti wa mwiba, na umati wote ukamfuata, puru-puru-puru.

Nyati kuona watu wanamjia, akapandwa na mzuka. Tembo kuona watu wanaondoka, akaingiwa na kiwewe. Akawafuata na ukoo mzima. "Rudini! Hamjaona kitu bado! Ona hii!" Ndi! Ndi! Ndi!

"Kwenye pembe ile," Mhanga akanong'ona. Kigelegele! Umati kwenye pembe ile. Tembo na Nyati mbio kwenye pembe ile.

"Sasa chini ya tuta. Chini ya tuta wakanyage sana." Kigelegele! Wakakanyaga sana.

Ikawa hivyo mchana kutwa. Mahali palipolegea ndipo umati uliposimama, na umati uliposimama ndipo ngoma ilipochezwa. Jua lilipozama, wadogo wakagawanyika sawasawa, nusu kwa Tembo na nusu kwa Nyati. Hakupatikana mshindi. Manju wale wakaondoka wakihema, kila mmoja akidai ameonewa.

Mhanga akashuka, akakwaruza udongo kwa kucha. Kucha likateleza kama kwenye sahani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na la kulalamikia, akabaki anatafuta.

Masika yalichelewa. Kishimo cha mwamba kilikuwa kitupu, na Mama Sihaba alimlambisha mwanawe umande wa kwenye majani asubuhi. Midomo ya mtoto ilipasuka. Mama alijilaumu, akamwomba Mungu, akajilaumu tena. Halafu mchana mmoja, whuuu! Mvua bila hodi. Lambo likajaa.

Mhanga akachomeka kijiti pale maji yalipoishia, na kila asubuhi kijiji kizima kilikwenda kukitazama. Maji yalikuwa palepale. Wiki ikapita, palepale. Mama Sihaba akakaa chini ukingoni akalia, akamkumbuka yule aliyebaki njiani, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kiangazi kikaja, na safari hii kilikuwa kikali hata Mto Mkubwa ukabaki mchanga mtupu. Tembo na Nyati wakarudi Itundulu wakiyumba, ndimi nje. Wakaona maji yanameremeta. Chubwi! Wakaingia, wakanywa, hawakuuliza kitu.

Tembo aliposhiba, alisikia chini ya nyayo zake kitu kigumu. Akakanyaga. Akakanyaga tena. Akageuza kichwa polepole.

"Hapa ndipo tulipocheza."

"Mama Sihaba! Ulitufanyisha kazi! Mimi, Tembo, nimefanyishwa kibarua!" Akatoka majini amevimba kwa hasira, akainua mguu juu ya tuta. Teke moja tu, na maji yote yangekwenda.

Mama Sihaba akaruka akasimama juu ya tuta, chini kabisa ya ule mguu. Sihaba akamng'ang'ania kanga.

"Ndiyo, Babu. Nilikudanganya. Nilikuomba kwa heshima ukanicheka. Nilimzika mtoto kwenye njia yenu ile iliyo karibu, na huyu niliyebaki naye, maji yake ya kunywa niliyamwaga humu kutuliza vumbi la ngoma. Ukitaka kubomoa, anzia hapa nilipo."

Mguu ukabaki hewani.

"Lakini kwanza nijibu," aliendelea. "Ilikuwa kazi au ngoma? Kama ilikuwa kazi, basi nitatangaza kwamba Babu Tembo ni kibarua hodari sana, na kila kazi ya tope tutakuita. Kama ilikuwa ngoma, manju gani anabomoa uwanja wake mwenyewe?"

Tembo akafikiri. Masikio yakapunga. Akafikiri tena.

"Ilikuwa ngoma!" Nyati akapayuka kutoka majini. "Na mimi ndiye niliyeshinda!"

"Wewe?" Tembo akageuka, mguu ukashuka kando ya tuta, polepole kabisa. "Wewe ulishinda? Na wale wote walionikimbilia walikuwa vipofu?"

"Basi mrudie mwakani," alisema Mama Sihaba upesi, "kabla ya vuli. Mshindi apatikane."

"Turudie!" wakasema wote wawili.

Nyati akaenda zake kutafuta majani. Tembo akabaki. Akamtazama Sihaba kwa muda mrefu, akautazama mwamba na kile kishimo chake, kisha akainama mpaka mkonga ukagusa ardhi.

"Mjukuu wangu," alisema kwa sauti ambayo Nyati asingeisikia, "mwakani uwanja uchimbwe mkubwa zaidi. Ule ulinibana."

"Tutachimba, Babu."

"Na yale maji ya kutuliza vumbi," akasema Tembo, akigeuza uso kando, "usichote tena ya mtoto. Nitayaleta mimi."

Hadithi imefika hapo, nami koo limekauka. Funzo lake, wanangu, ni kwamba maji ya kijiji hulindwa na kila mguu uliomo kijijini, mdogo kwa mkubwa, na asiyekuja kwa kuombwa atafutiwe ngoma yake.