Ijumaa za Bibi Lubaba

Wametusimulia waliotangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, kwamba katika mji mmoja wa pembezoni mwa jangwa aliishi mja mwema aliyeitwa Humaidi bin Zuhri. Kazi yake ilikuwa kushona matandiko ya ngamia, na kila baada ya sala ya Alfajiri aliwasomesha watu Kurani msikitini bila ya kupokea malipo. Alikuwa mtu wa ibada na zuhudi, asiyeitamani dunia, mwenye kauli laini, na mji mzima ulimheshimu. Mkewe alikuwa Lubaba, binti wa mabedui, watu wa mahema, aliyeletwa mjini na ndoa akiwa hana baba wala mama. Walijaaliwa mtoto mmoja wa kike, jina lake Juwairia.

Nyumba yao ilikuwa ya shida. Siku nyingi walikula mlo mmoja, na huo mmoja nao haukuwa wa kushibisha. Lakini Lubaba alikuwa na desturi aliyotoka nayo kwao. Kila alipobandika chungu, kabla ya kutia shayiri majini, alipunguza konzi moja akaiweka kando, akaikaanga kavu ili isiingiwe na wadudu, akaihifadhi ndani ya mtungi. Siku ya Idi, watu walipotupa ngozi za mbuzi waliowachinja, yeye alizikusanya, akazilainisha kwa maganda ya mgunga, akazishona kuwa viriba vya maji. Hakununua kitu, maana cha kununulia hakuwa nacho.

Na kila Ijumaa baada ya Alasiri alimshika mkono Juwairia, wakatoka mpaka kwenye bonde kavu nyuma ya mji, mahali ambapo mto hupita pale tu mvua inaponyesha. Huko alimfundisha mtoto yale aliyofundishwa na mama yake: majani yapi huliwa na yapi huua, wapi pa kujificha na jua la saa sita, na wapi pa kuchimba wakati bonde halina hata tone. Kabla ya kuondoka husimama mlangoni akasema, "Bwana wangu, twende sote leo. Ni hapo karibu tu."

"Ijumaa ijayo, inshallah," Humaidi humjibu, macho yako kwenye sindano.

Siku moja, kwa ule wasiwasi wa dini tulio nao wengi wetu, alimwambia, "Lubaba, riziki ya kesho iko kwa Mola wa kesho. Huoni kwamba kuweka akiba na kujifunza mashaka kabla hayajafika ni kupungukiwa na tawakuli, kule kumtegemea Mola peke yake?"

"Ya kesho iko kwake, bwana wangu, na hii ya leo pia Yeye ndiye kaileta. Mimi namtunzia amana yake."

Hakununa. Alimchukua mwanawe akaenda zake. Watu wa mji nao walimcheka chini chini, wakisema huyu ubedui haujamtoka. Humaidi aliyasikia maneno hayo zaidi ya mara moja na hakumtetea.

Ikapita miaka minne hivyo hivyo. Kisha Lubaba akashikwa na homa, siku tano tu, akaitikia wito wa Mola wake. Humaidi alimzika, akarudi nyumbani, akaiona nyumba imekuwa kubwa. Nanyi msidhani kwamba wacha Mungu hawaliwi na majonzi. Alimkosa mkewe kila mahali. Akisikia mlango huinua kichwa. Akimega mkate humega vipande vitatu, akabaki kukitazama kile cha tatu. Lakini Ijumaa baada ya Alasiri ndiyo iliyomshinda kabisa. Saa ile huiweka sindano chini, akaketi kuuelekea mlango, akingoja kuambiwa "twende sote," na safari hii jibu lake lilikuwa jingine. Wa kumpa jibu hilo hakuwepo.

Ilipofika siku ya arubaini, alitaka kumtolea marehemu sadaka, na ndani hamkuwa na kitu ila ule mtungi wa shayiri na vile viriba. Akaigawa shayiri yote, na viriba akavigawa, isipokuwa kimoja ambacho Juwairia alikikumbatia akakataa katakata kukitoa. Humaidi alilala siku ile moyo umetulia, akiona ametimiza tawakuli. Mimi sisemi kwamba sadaka yake haikukubaliwa, thawabu ni za Mwenyewe. Nasema tu kwamba mtungi ulibaki mtupu, na mtihani wake ulikuwa bado mbele.

Haukupita mwaka ila mvua ikakosekana kwa msimu wa tatu mfululizo, na kisima cha mji, nacho ni hicho hicho kimoja, kikakauka. Wenye ngamia wakaenda kutafuta maji katika kisima cha mbali, mwendo wa siku tatu kwenda na tatu kurudi. Waliobaki wakapimiana kwa kikombe, na siku ya nne vikombe vikaisha. Juwairia, ambaye sasa alikuwa na miaka minane, aliacha kucheza, kisha akaacha kusema, midomo ikampasuka. Humaidi alisali rakaa mbili, akaomba hadi sauti ikamkauka. Alipogeuka alimwona mtoto ameketi na kile kiriba kitupu magotini.

"Baba," akasema kwa taabu, "maji yapo bondeni. Mama alinionyesha."

Humaidi alitaka kumwambia kwamba bonde lilikauka zamani, kabla ya kisima. Neno lilimfika mdomoni, akalimeza. "Basi nifundishe, mwanangu," akasema.

Akambeba mgongoni asubuhi ile, naye akawa anamwelekeza kwa kidole. Hakumpeleka katikati ya bonde, mahali ambapo mtu yeyote wa mjini angechimba. Alimpeleka kwenye kona, pale bonde linapopinda, chini ya ukingo wa nje, palipokuwa na kichaka kimoja ambacho majani yake yalikuwa bado mabichi. Humaidi akachimba kwa bakuli la mti na kwa kucha zake. Mkono ukaingia mpaka kiwiko, mchanga mkavu. Shimo likamfika kifuani, na mchanga ukawa wa baridi, lakini maji hakuna.

"Hamna kitu, mwanangu," alisema.

"Ukiwa baridi uache, baba. Toka, ulifunike, ukae. Ukizidi kuchimba litaporomoka."

"Tukae mpaka lini?"

"Mpaka yaje."

Akalifunika shimo kwa joho lake, wakaketi kwenye kivuli cha ukingo. Hapo ndipo palipokuwa na mtihani, ndugu zangu. Kichwa cha mtoto kilikuwa kinamwangukia mapajani, pumzi zake fupi, na mara tatu Humaidi alinyanyuka kwenda kuchimba kwa pupa, na mara tatu akajirudi. Miaka ishirini aliwasomesha watu subira msikitini, na kumbe alikuwa hajawahi kukaa nayo ana kwa ana. Nyuma yake udongo wa ukingo ulikuwa umelainika na kubonyea kidogo, sawa na upana wa mgongo wa mwanamke. Akafahamu ni nani aliyekuwa akiegemea pale. Akaegemea papo hapo, akafumba macho, na akatamani lau angaliingia bondeni humu mara moja tu, Lubaba akiwa hai.

Jua lilipopinduka alifunua joho. Chini ya shimo palikuwa na maji ya udongo, kiasi cha kujaza bakuli. Akayachuja kwa ncha ya kilemba, akamlowesha mtoto midomo tone kwa tone, kama mtoto mwenyewe alivyomwagiza, kwani Mama alisema aliyekaukiwa hapewi mengi kwa mara moja. Baada ya muda Juwairia akaanza kulia, na machozi yakatoka. Humaidi akajua kwamba amepona.

Kila alipoteka, shimo lilijaa tena; akakijaza kiriba akakipeleka kwa majirani, na kabla ya Alasiri mji mzima ulikuwa bondeni. Abu Dharifu, mzee wa mji, aliutazama ule mchanga unaotoa maji, akaushika mkono wa Humaidi akaubusu. "Hii ni karama," akasema. "Mola amekutolea maji jangwani kwa ajili ya ibada zako." Watu wakasongamana kuligusa joho lake.

Nafsi ikamwambia Humaidi, nyamaza tu. Huongopi, umenyamaza. Naapa hata mwema hupata wakati kama huu, na utamu wake anaujua aliyeuonja. Lakini aliwaona wanavyolipapasa joho, akawaza kwamba kiu ikiwarudia siku yeye hayupo, watalipapasa hivyo hivyo mpaka wafe. Akautoa mkono wake.

"Si karama yangu, mzee wangu. Maji haya alikuwa akiyajua mke wangu Lubaba. Miaka minne alinibembeleza nije nijifunze, nami nikamwambia amepungukiwa na tawakuli. Mlipomcheka nilikusikieni, nikanyamaza. Aliyenileta hapa ni mtoto huyu. Kaeni chini awafundishe."

Kisha Abu Dharifu, mtu aliyekula chumvi nyingi, akawa wa kwanza kuketi mchangani mbele ya mtoto wa miaka minane, na wengine wakamfuata. Mpaka kuingia Magharibi yalikuwa yamechimbwa mashimo sita, na kwa maji hayo mji uliishi hadi ngamia waliporejea.

Watu walipotawanyika kila mmoja kwenye shimo lake, Humaidi alimwuliza binti yake, "Mlipokuwa mkingojea maji, wewe na mama yako, alikuwa akifanya nini?"

"Akisali rakaa mbili, kisha anaomba dua."

"Akiomba nini?"

"Akiomba uje."

Humaidi akafunika uso kwa viganja viwili, akalia mbele ya mwanawe bila ya kujificha.

Nakuusieni, nami naanza na nafsi yangu. Huenda nyumbani kwako yupo anayekuita leo kwenye jambo la kheri unaloliona dogo, nawe unampa ahadi. Mola atujaalie kuitika tungali tunaitwa.