Mtoki wa Bi Mize

Hapo zamani, enzi ambazo mkoba wa uganga ulirithiwa na mwanafunzi asiyevunja neno la mwalimu wake hata mara moja, aliishi mganga aliyeitwa Bi Mize. Alikuwa na wanafunzi watatu: Siwatu, Machano na Riziki. Miaka saba walimtii. Miaka saba jibu lao lilikuwa moja: "Labeka, bibi."

Siku moja Bi Mize alishikwa na homa. Kwenye kinena cha kushoto ukamtoka mtoki, mkubwa kama yai la kuku. Akawaita wanafunzi wake, akatoa amri tatu.

"Siwatu, chukua wembe, pasua uvimbe huu. Machano, wewe mwanamume, usivuke pazia. Na wewe Riziki, ukithubutu kunipeleka zahanati, mimi na wewe basi. Watu wakinicheka nitauweka wapi uso wangu?"

Siwatu akachukua wembe. Akatoka nao, akautumbukiza chooni, akarudi mikono mitupu.

"We mtoto! Una wazimu?"

"Sina, bibi, ila sipasui. Hiyo ni tezi. Maji yanayovuja kwenye mishipa ya damu kulisha nyama hukusanywa na vijirija vyembamba, yakarudishwa kwenye damu. Njiani hupita kwenye tezi, kama tui kwenye kifumbu. Vijidudu hunaswa humo, hupigwa vita humo. Imevimba kwa sababu inapigana. Nimkate anayekupigania?"

"Toka nyumbani kwangu!"

"Sitoki."

Machano, mtoto wa mchinjaji, alikuwa akisikiliza. Akavuta pazia, akaingia.

"Astaghfirullahi! Machano, mguu wangu!"

"Nauona, bibi. Utanichapa ukipona. Maji hayo hayana moyo wa kuyasukuma. Misuli ndiyo huyasukuma, na vijirija vina vilango vinavyofunguka kwa kuelekea juu tu. Kilichofika kinenani kimetoka chini."

Akafuata mstari mwekundu uliojichora kwenye ngozi kutoka pajani hadi gotini, gotini hadi kwenye kifundo, mpaka katikati ya vidole viwili vya mwisho. Hapo palikuwa na kidonda kilichojifunga, na ndani yake kipande cha gamba la chaza. Bi Mize alikikanyaga akiokota chaza, akaona aibu kusema. Machano akakitoa, akaosha kidonda, akauinua mguu juu ya mito.

Homa haikushuka. Ilipanda.

Riziki akainama kitandani. Alimbeba Bi Mize mgongoni, akapita naye katikati ya soko mchana kweupe.

"Leo mganga kapata mganga wake!" watu wakacheka.

"Nishushe, mwanaharamu wee!" Bi Mize akamfinya shingo.

"Finya, bibi. Anayefinya hajafa."

Zahanati alichomwa sindano siku saba. Tezi ikanywea, akarudi kwake kwa miguu yake mwenyewe. Wanafunzi walikuwa wakimngoja mlangoni.

"Mkoba ni wangu," alisema Siwatu. "Wembe ule ungemkata mlinzi na kumwacha mwizi ndani."

"Ni wangu," alisema Machano. "Ulimlinda mlinzi, lakini wezi wangezidi kupanda kila siku. Mimi ndiye niliyeziba walikoingilia."

"Ni wangu," alisema Riziki. "Mlinzi alikuwa hai, kidonda kilikuwa safi, na bado bibi alikuwa anakufa. Mimi ndiye niliyembeba hadi kwenye sindano, nikitukanwa soko zima."

Bi Mize akawatazama mmoja mmoja. "Nyote mmenivunjia neno. Kwa mila, mkoba huu nizikwe nao."

"Zikwa nao," alisema Siwatu. "Radhi hatukuombi. Kama tungekutii, ungekuwa umezikwa nao wiki iliyopita."

Machano na Riziki hawakuinamisha vichwa. Bi Mize akauweka mkoba sakafuni katikati yao, lakini mkono wake haukuachia ukanda.

Haya, nyinyi mnaosikiliza, msimwonee mtu haya. Kila mmoja alivunja neno moja, na kila neno lililovunjwa lilikuwa na uhai wa mwalimu ndani yake. Je, mkono uachie? Na ukiachia, nani alistahili mkoba?