Paja la Mwalimu Fisi

Nina ngano mgongoni!
— Itue!
Nzito!
— Itue tukusaidie!

Haya, nimeitua, nanyi mnawakuta Kanga na Digidigi wakigombana.

"Ulicheka!" Kanga alisema.

"Sikucheka, shoga. Nilikohoa."

"Ukakohoa meno yote nje?"

Digidigi akainamisha kichwa, maana kweli alicheka.

Katika shule ya mwituni, kila kipindi cha hesabu kubwa kilipofika, Mwalimu Fisi alinguruma: "Madume ubaoni! Majike kisimani!" Majike wakachukua vibuyu, wakaenda. Waliporudi, kipindi kimekwisha. Ni Digidigi tu aliyejibanza dirishani, akasikiliza, akashika moja moja.

Juzi Kanga alikataa kwenda kisimani. Akaenda ubaoni, akaulizwa nusu ya robo, akakosa. Madume wakacheka, kwa-kwa-kwa! Na Digidigi, pale dirishani na kibuyu chake, akacheka nao, asije akahesabiwa kundi moja na wasiojua.

"Sirudi tena," Kanga alisema, akaenda zake.

Digidigi akabaki na aibu. Akila, aibu. Akilala, aibu. Akinywa maji, anaiona aibu yake ndani ya maji. Mwishowe akasema, "Nitamfungulia darasa arudi." Akaenda kwa Fisi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Maji yako wapi?"

"Mwalimu, wazazi wanakupa paja moja la nyama kila Ijumaa. Siku nyingine unakula nini?"

"Mate," Fisi alisema kwa huzuni.

"Masikini! Basi, badala ya la Ijumaa, tukupe kila siku. Leo nusu ya paja. Kesho nusu ya ulichopata leo. Keshokutwa nusu ya cha kesho. Hivyo hivyo hadi mwisho wa dunia. Ila majike wasitumwe maji tena."

Fisi akasikia "kila siku". Akasikia "mwisho wa dunia". Mate yakamtoka, chururu! Hakupiga hesabu. Akaapa mbele ya shule nzima.

Siku ya kwanza, nusu paja: nyam-nyam-nyam! Siku ya pili, robo: nyam-nyam. Siku ya tatu, nusu ya robo: nyam. Siku ya saba akaletewa nyama juu ya jani, akaitafuta kwa pua. Siku ya kumi akalamba jani.

"Mnanipunja!"

"Hatukupunji, Mwalimu. Jumlisha vyote, hadi mwisho wa dunia, havizidi paja moja. Au tuwaite madume wakupigie hesabu?"

Fisi akatazama huku, akatazama huko. Akilalamika, mwitu wote utajua kwamba mwalimu wa hesabu kubwa hajui hesabu kubwa.

"La, msiwaite," akasema. "Nimeshiba."

Majike wakaingia darasani, vibuyu wakaviacha nje.

Ningeikata ngano hapa, mkanipigia makofi, nikawapa na funzo lake: wasichana, hesabu kubwa haziwafai hata kidogo. Waachieni mafisi, muwaone wanavyonenepa! Mimi nimeitua, anayeitaka na aibebe.

Lakini dawati moja lilikuwa tupu.

Digidigi akakimbia, di-di-di-di, hadi kwa Kanga. Akabisha hodi. Kanga akafungua, akasimama mlangoni, vifaranga vikimchungulia miguuni.

"Shoga, nimemshinda Fisi! Hakuna kutumwa maji tena. Njoo turudi!"

Kanga akamtazama. Hakuwa na hasira tena, na hilo ndilo lililomchoma Digidigi zaidi.

"Fisi alikuwa akisema kwamba mimi sijui, nami sikumwamini," Kanga alisema. "Ulipocheka wewe, mwenzangu, ndipo nikaamini."