Somo wa Mtoto wa Asia

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, nina kesi ya kuwapa. Nimeigeuza kichwani hadi nimechoka, sasa nawatwisha nyinyi.

Katika mji mmoja mdogo wa kusini, ambao masika yakikolea barabara yake humezwa na matope, waliishi wanawake watatu, na kila mmoja alijaliwa kitu chake.

Wa kwanza alijaliwa mikono. Alikuwa fundi wa redio na simu, akiishi peke yake katika chumba kilekile alichofanyia kazi. Mikono yake haikutetemeka hata akishika skrubu ndogo kama punje ya ulezi. Wazazi wake walikwisha kufa, ndugu hakuwa nao, na watu walimwita Fundi tu. "Fundi, umemaliza?" "Fundi, bei gani?" Jina lake halisi, Sijaona, lilikaa kama nguo ya sikukuu isiyopata sikukuu. Jioni, akifunga dirisha, alisikia akina mama wakiwaita watoto wao waje kuoga, majina yakipishana hewani. Alikuwa akisimama palepale, mkono kwenye komeo, mpaka la mwisho liitikiwe.

Wa pili alijaliwa subira. Huyu ni Bi Mwajabu, aliyetunza kompyuta za posta mpaka akastaafu. Watu walisema angeweza kungoja maji yachemke kwa jua. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, na wajukuu wote wakapewa majina ya upande wa baba.

Wa tatu alijaliwa sikio. Zulfa alikuwa msichana aliyecheza magemu kwenye kompyuta ya kaka yake hadi akajua, kwa mlio wa feni tu, kama mashine ina raha au inaumwa. Mwaka ule familia yake ilikuwa inahama, na hakutarajia kuuona mji ule tena.

Basi siku moja ya mvua, Asia, mke wa Mkumba muuza mkaa, alishikwa na uchungu. Nesi wa zahanati akampapasa tumbo, akampapasa tena. Mtoto alikuwa amelala vibaya. Barabara ilikuwa imekatika. Hospitali ya mkoa ilikuwa na ndege ndogo, lakini daktari hakuituma mpaka aione picha ya tumbo, na ndege yenyewe haikuweza kutua gizani kwenye uwanja wa majani. Picha hizo zilichorwa na kompyuta ya zahanati. Na kompyuta ilikuwa imepigwa na radi.

Mkumba akasimama barazani, maji ya mvua yakimtiririka usoni. "Atakayeniokolea hawa wawili," akasema mbele ya watu, "mtoto huyu ni somo wake. Jina lake ndilo jina la mwanangu."

Mnajua wenyewe kwetu somo ni nini. Si kushirikiana jina tu. Somo ndiye anayeleta kanga ya kwanza, ndiye anayempokea mtoto siku ya arobaini anapotolewa nje, na akizeeka huwa ana wa kumbishia hodi.

Fundi akaitwa, akafungua kasha. Mazabodi, ile bodi kubwa inayounganisha vifaa vyote vya kompyuta, ilikuwa imeungua, na prosesa, ndiyo ubongo wake, imeungua pamoja nayo. Akakimbia chumbani kwake, akarudi na bodi ya mashine moja mbovu na prosesa ya mashine nyingine. Kwanza akagusa bati la kasha, ili umeme wa mwilini usije ukaua kifaa. Akavitazama vinguzo vya shaba vinavyoibeba bodi, akaona kimoja kimesimama mahali ambapo bodi ile haina tundu. Kingegusa mgongo wa bodi na kuiunguza. Akakihamisha. Akailaza prosesa bila kuikandamiza, akaipaka grisi ya kupitisha joto, akafunga feni, akachomeka nyaya.

"Fundi, haraka!" nesi akalia.

"Haraka itavunja," akajibu bila kuinua macho.

Akawasha. Feni ikazunguka, lakini skrini ikabaki nyeusi.

Hapo Bi Mwajabu, aliyekuwa amejibanza barazani akikwepa mvua, akaingia. "Bodi hii ni kongwe kuliko prosesa uliyoipa, mwanangu. Haimjui mgeni wake. Lazima tuisasishe bayosi." Bayosi ni ile programu ndogo iliyo ndani ya bodi yenyewe, inayoiamsha mashine. Akaipakua mpya kwa simu, akaitia kwenye flashi, akaichomeka nyuma ya bodi penye kitufe cha kazi hiyo. Lakini hakukibonyeza. "Umeme wa mji huu unapepesa macho. Ukikatika katikati, bodi imekufa." Zulfa, aliyekuwa mlangoni akichungulia, akatumwa msikitini kuomba betri ya sola ya kipaza sauti, na kifaa chake cha kugeuzia umeme.

Betri ilipofika na kuunganishwa, kitufe kikabonyezwa. Kitaa kidogo kando yake kikaanza kumeta. Kikameta, kikameta, na hakuna kingine kilichotokea. Chumba cha pili Asia alipiga ukelele. Nesi akapeleka mkono kwenye swichi. "Imeganda hii! Tuizime, tuiwashe upya!"

Bi Mwajabu akaudaka mkono ule. "Ukiizima umeizika."

"Bibi, kuna mtu anakufa!"

"Najua. Ndiyo maana nimekaa."

"Kizee hiki kina moyo wa jiwe!" Mkumba akafoka. Bi Mwajabu akazidi kuushika mkono wa nesi. Kitaa kikazimika chenyewe. Walipowasha tena, skrini ikang'aa.

Nesi akampima Asia, na picha ikaanza kuchorwa mstari baada ya mstari, kwa mwendo wa konokono. Kwa kasi ile jua lingetua kabla haijakamilika.

"Dada Fundi, nipishe," Zulfa akasema. Akaisimamisha kazi, akaiwasha mashine upya, akaingia ndani ya bayosi, akaipandisha prosesa kasi kupita ile iliyowekwa kiwandani. Akapandisha kidogo, akasikiliza. Akaongeza. Mashine ikajizima.

"Unaichezea!" Mkumba akapiga kelele.

"Naiuliza mwisho wake uko wapi, baba. Imenijibu." Akapunguza kidogo, akaanza kuchora upya. Joto likapanda, akalitoa bati la ubavuni, akamkabidhi Mkumba pepeo la jikoni. "Pepea kama unavyopepea mkaa wako. Ila usituletee majivu!" Akatega sikio kwenye kasha, akisema, "Ongeza... inahema... hapohapo, usilegeze." Mkumba akapepea hadi mabega yakawaka moto, na picha ikakamilika mvua imekatika, jua likiwa bado juu ya miti.

Nesi akaituma kwa simu, daktari akaiona. Ndege ikaja. Asia akapasuliwa, akajifungua mtoto wa kike, na wote wawili wakarudi nyumbani wazima.

Siku ya arobaini ua wa Mkumba ukajaa. Mkumba akainuka. "Walioniokolea watu wangu ni Bi Mwajabu, na Zulfa, na..." Akageuka. "Fundi, hivi jina lako nani?"

Miaka mingi Fundi alikuwa akimtengenezea Mkumba redio yake.

"Sijaona," akasema. Sauti ilimtoka kavu, kama jina la kuazima.

"Kumbe Fundi ana jina!" mtu akacheka, na wengine wakacheka naye, si kwa ubaya.

Mabishano yakaanza. "Bila bodi mngesasisha nini?" nesi akauliza. Bi Mwajabu akasema, "Na bodi isiyoijua prosesa yake ni bati tu. Nimetukanwa kwa ajili ya mtoto yule." Zulfa naye akasema, "Picha ya kufika kesho ingekuwa ya kaburi."

"Apewe Fundi," mwanamke mmoja akasema. "Maskini, hana mtu."

"Jina ni haki, si sadaka," mwingine akamjibu. "Ukimpa kwa huruma, kila atakapomwita mtoto atakumbuka kuwa alihurumiwa."

Sijaona akatazama chini, maana maneno yote mawili yalimchoma mahali pamoja.

"Basi aitwe yote matatu," Mkumba akajaribu.

"Mtoto wa wote hana somo," mama yake Asia akakata. "Ita moja."

Asia akatokea mlangoni na mtoto. Sasa ilikuwa juu ya Mkumba kuliita jina kwa sauti, na mwenye jina asogee ampokee. Akavuta pumzi. Bi Mwajabu akaiweka bakora yake chini. Zulfa akaikunjua kanga aliyokuja nayo. Sijaona akaifuta mikono yake kwenye gauni, ingawa haikuwa na uchafu, kisha hakujua aiweke wapi.

Pumzi ile ya Mkumba nimeiacha kwenu. Je, wewe ungeita jina gani?